Daraja la hewani linapodondosha mizigo

Ndugu msikilizaji, siku hizi kuna maneno mawili yanayofunga milango ya ofisi kuliko kufuli. Umepanga foleni tangu asubuhi, umefika kaunta, karatasi zako zote ziko sawa, na mhudumu anakutazama kwa huruma na kusema: "Mtandao unasumbua." Basi. Unarudi nyumbani, kesho uje tena. Hakuna anayeuliza unasumbuliwa na nini, umesumbuka kuanzia wapi, na kwa nini iwe saa ile na si saa nyingine. Maneno hayo mawili yamekuwa shuka kubwa la kufunika magonjwa ya kila namna.

Leo nataka tulifunue shuka hilo upande mmoja tu. Sizungumzii mtandao wa dunia nzima, maana huo ni mpana kuliko dakika nilizopewa. Nazungumzia kile kipande kinachoruka hewani kutoka paa la jengo moja hadi paa la jengo jingine. Mafundi hukiita daraja la redio. Katika miji yetu ndicho kinachounganisha duka na bohari, zahanati na hospitali kubwa, shule na tawi lake. Katika kazi yetu ya utangazaji, aghalabu ndicho kinachochukua sauti ya mtangazaji kutoka studio na kuifikisha kwenye mtambo wa kurushia matangazo. Ukiinua macho ukaona juu ya paa sahani nyeupe, pana kama sinia la pilau, imekodoa upande mmoja bila kupepesa, umeliona daraja lenyewe. Sinia la pili liko mbele huko, kilomita 2, 5 au 20, nalo linaikodolea la kwanza.

Dai langu ni dogo na nitalitetea: makosa ya daraja hili yana tabia, na tabia hiyo hujulikana kwa saa yanapotokea na kwa upande unaoumia. Anayekimbilia kununua vifaa vipya kabla ya kuandika mambo hayo mawili anatupa fedha. Na wakati mwingine hutupa na mtu, kama nitakavyoeleza baadaye.

Kwanza tuone mzigo unavyovuka. Kila kinachopita darajani, iwe barua, picha au sauti yangu hii, hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti. Kila pakiti hubeba hesabu yake ya ukaguzi. Mpokeaji huipiga hesabu hiyo upya. Ikilingana, hurudisha stakabadhi fupi kusema nimepokea. Isipolingana, hasemi kitu, anaitupa. Mtumaji asipoona stakabadhi kwa muda uliowekwa, hutuma tena pakiti ile ile, na tena, mara kadhaa, hadi akate tamaa.

Utaratibu huu una wazee wake. Mwaka 1971, katika Chuo Kikuu cha Hawaii, Profesa Norman Abramson na wenzake waliwasha mtandao walioupa jina la ALOHAnet. Kisiwani huko simu zilikuwa ghali na hazikutegemewa kwa kazi ya kompyuta, wakaamua kutumia mawimbi ya redio. Tatizo likawa moja: watu wawili wakizungumza kwa wakati mmoja juu ya masafa yale yale, maneno yao hugongana na hakuna linalosikika. Jawabu lao lilikuwa la kiungwana. Tuma, usipopata stakabadhi, subiri kidogo kwa muda wa kubahatisha, kisha tuma tena. Miaka 50 na zaidi imepita, na kile kisanduku kilicho juu ya paa la ofisi yako bado kina chembe ya adabu hiyo.

Ubaya wa adabu hiyo ni kwamba inaficha ugonjwa. Pakiti 3 kati ya 10 zikiharibika njiani, kisanduku kitazituma upya kimya kimya, na mtu aliye mbele ya kompyuta hataona kosa lolote. Ataona uzito tu. Barua iliyokuwa ikifunguka mara moja sasa inazunguka na kuzunguka. Ndiyo maana wengi wetu husema mtandao "uko taratibu" tukidhani bando limepungua, kumbe daraja linavuka na mzigo mmoja mara nne.

Sauti ya matangazo ya moja kwa moja ni kesi nyingine. Sauti haingoji. Silabi iliyochelewa haiwezi kuchomekwa nyuma ya silabi iliyokwisha kusikika. Kwa hiyo pakiti ikishindwa kufika kwa wakati, msikilizaji anasikia tundu: neno limeng'olewa katikati ya sentensi kama jino. Sisi wa redio tunayasikia makosa haya mapema kuliko wenye benki, na kwa hilo hatuna cha kujivunia.

Sasa, fundi aanzie wapi? Jibu litawakera wanaopenda kupanda minara: aanzie chini, kwenye waya. Daraja tunaliita la hewani, lakini kila ncha ina waya unaoshuka kutoka kwenye sinia hadi kwenye swichi ndani ya jengo, na waya huo unaishi maisha magumu. Jua linaupasua ganda, panya wanautafuna, na masika yakiingia maji huteremka nao kama mtu anayejua njia. Waya wa shaba wa aina hii una jozi 4 za nyaya nyembamba ndani yake. Mwendo wa megabiti 1,000 kwa sekunde unazihitaji jozi zote 4. Mwendo wa 100 unahitaji 2 tu. Jozi moja ikioza, vifaa hushuka vyenyewe hadi 100 na kuendelea kufanya kazi, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Ukiona swichi yako inaonyesha 100 mahali ambapo jana palikuwa na 1,000, usiulaumu upepo. Kata ncha, fungia mpya, na kabla waya haujaingia ukutani uache ulegee uning'inie kidogo kama mkufu, ili maji yadondokee hapo badala ya kuingia ndani.

Swichi nyingi za ofisini huhesabu pakiti zilizofika zimevunjika. Hesabu hiyo ikipanda, kosa liko kwenye waya, na anayekwenda kugeuza antena anapoteza siku. Kuna kosa jingine la wayani ambalo limewachezea mafundi wengi: ncha moja imepangwa kusema na kusikia kwa pamoja, ncha nyingine imepangwa kusema kwa zamu. Mtandao unafanya kazi vizuri alfajiri, watu wakiwa wachache, na unazimia saa 4 asubuhi kazi ikipamba moto. Dawa ni kuziacha ncha zote mbili zipatane zenyewe, au kuzipanga zote kwa namna moja.

Njia ya kutenganisha waya na hewa ni rahisi, haihitaji shahada. Kaa kwenye kompyuta ya ndani ya jengo, utume pakiti 1,000 kwenda kwenye kisanduku cha paa lako mwenyewe, na uhesabu zilizorudi. Zikirudi zote, waya wako ni mzima. Kisha tuma 1,000 kwenda kwenye kisanduku cha ng'ambo. Zikipotea hapo, hewa ndiyo inayotafuna. Kisha tuma kwenda kwenye mashine iliyo nyuma ya kisanduku cha ng'ambo. Zikipotea hapo tu, mlaumu waya wa wenzako. Hatua tatu, robo saa. Nimeshuhudia watu wakibishana wiki nzima kwa sababu hakuna aliyezifuata.

Tukishajua ni hewa, tuingie hewani. Kila kisanduku huonyesha nguvu ya sauti anayoisikia kutoka kwa mwenzake, na namba hiyo huandikwa kwa alama ya kutoa, jambo linalowachanganya wengi. Hasi 50 ni nguvu kuliko hasi 70. Kila ukishuka ngazi 10, nguvu inabaki sehemu 1 ya 10: kutoka hasi 60 hadi hasi 80 umebakiwa na sehemu 1 ya 100. Lakini namba hiyo peke yake haitoshi. Unahitaji na ya pili, ya kelele. Mahali palipotulia kelele huwa karibu na hasi 95. Katikati ya mji, majirani wote wakiwa na visanduku vyao, inaweza kupanda hadi hasi 80. Kinachobeba mzigo ni pengo kati ya namba hizo mbili. Pengo la ngazi 25 au 30 linatosha kwa mwendo wa kasi. Likibaki 10, kisanduku kitaanza kutembea kwa kunyata, na makosa yatazidi.

Hapa pana jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Kelele ni ya anayesikia. Mimi nikiwa Kariakoo na wewe ukiwa shamba, mimi ndiye ninayepigiwa kelele na maduka 100, wewe umetulia. Nitakusikia kwa shida, wewe utanisikia vizuri. Kwa hiyo makosa yakiwa katika mzigo unaotoka kwako kuja kwangu, dawa iko kwangu, ninayepokea. Mara ngapi fundi amepanda mnara wa anayetuma, akakaza kila boliti, akashuka amechoka, na ugonjwa ukabaki pale pale? Soma namba za ncha zote mbili kabla ya kuchukua ngazi.

Kelele ya majirani ina saa zake. Huamka na maduka na kulala na maduka. Ukiona makosa yanaanza saa 2 asubuhi, yanapungua mchana wa Jumapili na kutoweka usiku, badilisha masafa, au punguza upana wa njia unayotumia kutoka megahezi 40 hadi 20. Utapoteza kasi ya kwenye karatasi, lakini utasikia kelele nusu, na kasi halisi mara nyingi hupanda. Mvua kubwa nayo ina saa zake, ila katika masafa ya gigahezi 5, ambayo ndiyo wengi wetu tunayatumia, matone hayana nguvu ya kuangusha daraja la kilomita chache. Mvua huwatesa wenye masafa ya juu sana. Wewe wa gigahezi 5, daraja likianguka wakati wa mvua, rudi kwenye waya wako.

Kuna na kipimo cha umbali. Nilisema mtumaji hungoja stakabadhi kwa muda uliowekwa. Mawimbi ya redio huenda mita 300 kwa kila sehemu 1 ya milioni ya sekunde. Kwa daraja la kilomita 5, kwenda na kurudi ni sehemu 33 hivi. Kisanduku kilichopangwa kwa ajili ya chumba kimoja kitakata tamaa kabla stakabadhi haijafika na kutuma tena mzigo ambao tayari umepokewa. Nguvu inaonekana nzuri, kelele hakuna, na bado daraja linatambaa, usiku na mchana, jua na mvua. Kosa lisilo na saa yake namna hiyo mara nyingi ni la mpangilio wa umbali, na hurekebishwa kwa kuandika namba moja kwenye ukurasa wa mipangilio.

Na mwisho kuna njia yenyewe. Watu wanadhani kwa kuwa jicho linaona mnara wa ng'ambo, basi njia ni nyeupe. Mawimbi hayapiti kwenye uzi. Yanahitaji nafasi yenye umbo la biringanya ndefu, nyembamba penye ncha na nene katikati. Kwa kilomita 5 na gigahezi 5.8, unene wa katikati ni mita 8 kila upande wa mstari, na zaidi ya nusu ya hizo ziwe hazina kizuizi. Mwembe ulioachwa ukue, au ghorofa ya nne iliyoongezwa na jirani, huingia kwenye biringanya hiyo bila kuziba jicho. Kosa la mti huja kwa miezi, na huzidi majani yakilowa.

Sasa nifikie kisa nilichoahidi. Kituo kimoja cha redio cha mji wa pwani, ambacho jina lake nalihifadhi, kina studio upande mmoja wa ghuba na mtambo wa kurushia matangazo upande wa pili. Katikati ni maji matupu, kilomita 5. Daraja la redio lilikuwa limefanya kazi vizuri, wote wakalisahau, hadi ilipofika kipindi ambacho jioni sauti ilianza kung'oka maneno.

Na jioni, kila anayeijua redio ya kwetu anafahamu, ni saa ya matangazo ya vifo. Familia imelipia tangazo, jina la marehemu linasomwa, ndugu waliotawanyika Tanga, Mtwara na Morogoro wanatajwa mmoja mmoja, kisha: "Mazishi yatafanyika kesho saa..." na kimya. Sauti inarudi kwenye "...wote mnaombwa kufika." Mtu mmoja alikuja kituoni akiwa bado na vumbi la safari. Alikuwa amefika kwa maziko ya mjomba wake na kukuta watu wanatawanyika. Hakugomba. Aliuliza tu kama anaweza kusikilizishwa lile tangazo, na alipolisikia likiwa zima kwenye kumbukumbu ya studio, alikaa kimya muda mrefu.

Fundi wa zamu, kijana wa miaka 20 na kitu, alipewa barua ya kujieleza. Ya pili ikafuata. Wakubwa walimwita mtaalamu kutoka nje, akaja siku ambayo daraja lilikuwa zima kabisa, akapima, akashauri vinunuliwe visanduku vyenye nguvu zaidi na mnara urefushwe. Fedha zilianza kutafutwa. Ilisemwa waziwazi kwamba vikija vifaa vipya atakuja na fundi mpya.

Yule kijana alikuwa amekwisha kupita njia yote niliyoieleza. Waya ulikuwa mzima. Masafa alibadilisha mara tatu. Umbali ulikuwa umeandikwa sawasawa. Mti juu ya maji hakuna. Akabakiwa na daftari. Kila nusu saa, kwa wiki tano, aliandika nguvu ya ncha zote mbili. Na daftari likaanza kusema: kwa kawaida nguvu ilikuwa hasi 58. Siku fulani, karibu na saa 10 jioni, iliporomoka hadi hasi 80 na zaidi, ikakaa huko kama saa moja na nusu, kisha ikapanda. Kesho yake ilifanya vivyo hivyo, lakini imechelewa kwa dakika 40 au 50. Keshokutwa imechelewa tena. Baada ya siku nne au tano ikapona yenyewe, ikawa nzima kwa siku tisa, na kisha, saa 10 jioni, ikaanza upya. Tena iliporomoka na saa 10 alfajiri, saa ambayo hakuna aliyekuwa akilalamika. Na ncha zote mbili ziliporomoka kwa pamoja, jambo ambalo kelele ya jirani haiwezi kulifanya.

Nilikuwa nimepitia kituoni hapo kwa shughuli zangu. Aliniwekea daftari mbele, na kando yake jedwali la kujaa na kupwa kwa maji. "Kaka," akaniambia, "hii si mitambo. Hii ni bamvua."

Msikilizaji wa pwani ameshaelewa. Wa bara nimfafanulie. Katika pwani ya Dar es Salaam na Zanzibar bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti yake ikifika mita 3 na zaidi. Hiyo ndiyo bamvua, na katika pwani hii kujaa kwake huangukia karibu na saa 10, jioni na alfajiri. Katikati ya majuma hayo huja maji mafu, ambapo bahari hupanda na kushuka kidogo tu.

Lakini maji yana uhusiano gani na mawimbi ya redio? Uhusiano wa kioo. Mawimbi yanayotoka studio hufika ng'ambo kwa njia mbili: yako yanayokwenda moja kwa moja, na yako yanayogonga uso wa bahari na kudunda. Yanapodunda kwa pembe nyembamba namna hiyo, hata bahari yenye viwimbi huwa kioo. Chutama utazame meza ya mbao kutoka usawa wa ukingo wake, utaona inang'aa kuliko ukiitazama kutoka juu. Na yakidunda hugeuzwa: palipokuwa na mlima pawa bonde. Njia ya mdundo ni ndefu kidogo kuliko ile iliyonyooka. Wimbi la gigahezi 5.8 lina urefu wa sentimita 5 na nukta 2. Urefu ule wa ziada ukilingana na wimbi zima, mlima wa njia moja unakutana na bonde la njia nyingine, na vinafutana.

Tulipiga hesabu nyuma ya daftari. Maji ya bamvua yakijaa, antena ya studio ilikuwa mita 16 juu ya bahari na ya mtamboni mita 8. Urefu wa ziada: sentimita 5 na nukta 1. Wimbi zima, karibu kabisa. Maji yakipwa, bahari imeshuka mita 3, urefu wa ziada unakuwa sentimita 8 na nukta 4, wimbi moja na zaidi ya nusu, na njia mbili zinasaidiana badala ya kuuana. Siku za maji mafu bahari haipandi kufikia mahali pabaya, ndiyo maana ugonjwa ulipona wenyewe. Na mtaalamu yule alikuja siku ya maji mafu.

Sasa tazama ushauri wake. Visanduku vyenye nguvu mara mbili vingetuma mara mbili kwa njia iliyonyooka na mara mbili kwa njia ya mdundo, na vingefutana vile vile. Kurefusha mnara je? Antena ya mtamboni ikipandishwa mita 4, saa ya kujaa ingekuwa salama kabisa, na kosa lingehamia saa ya kupwa, urefu wa ziada ukikaribia mawimbi mawili kamili. Wangelipa fedha zote hizo ili matangazo ya vifo yawe salama na taarifa ya habari ya usiku ndiyo ikatike. Hata kuielekeza antena juu kidogo kusingesaidia, kwa kuwa njia hizo mbili zinatofautiana kwa sehemu ndogo ya nyuzi 1. Hakuna sinia linaloweza kuitazama moja na kuipa nyingine mgongo.

Dawa aliyoipendekeza kijana ilikuwa kisanduku cha pili cha aina ile ile ya zamani, kifungwe upande wa mtamboni mita 4 chini ya kile cha kwanza, na mwenzake awekwe studio kwa usawa uleule wa mita 16. Kwa hesabu ile ile, cha chini kinasikia vizuri sana maji yakijaa na kinazimia yakipwa. Cha juu kinafanya kinyume. Hakuna saa ya siku ambapo vyote viwili vinazimia. Masafa yao yatenganishwe ili visigombane, na ruta iambiwe ipeleke sauti kwa kile chenye pengo kubwa kati ya nguvu na kelele.

Wakubwa hawakumwamini mara moja, na sitawalaumu sana, maana ni vigumu kueleza kikaoni kwamba mwezi umekatiza tangazo. Kilichowashinda ni jambo jepesi. Kijana alichukua jedwali la maji, akaandika kwenye karatasi siku na saa ambazo sauti itakatika katika majuma mawili yaliyofuata, akaibandika kwenye mlango wa studio. Siku ya kwanza watangazaji walicheka. Siku ya tatu walianza kuhamisha matangazo ya vifo kwa kufuata karatasi ile. Wiki ya pili fedha za visanduku viwili vidogo zilitoka, na ile ya mnara ikarudishwa.

Barua zake mbili za kujieleza, nilipouliza mara ya mwisho, zilikuwa bado kwenye faili lake. Ameandika kuomba ziondolewe, na anangoja jibu.